Kucha za Mkono wa Kulia

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa wa mkulima. Wa kulia ulikuwa na kucha tatu ndefu, wa gumba, wa shahada na wa kidole cha kati, na zote zilikuwa na umanjano kwa sababu ya mawese. Mama alisema ukiitazama mikono yangu utadhani mmoja nimeazima kwa mtu na nimesahau kuurudisha. Maneno hayo ni yake. Nayaandika kwa kuwa sina ya kwangu yaliyo bora.

Mimi nimeishia darasa la nne, na sijui kama habari za kucha zinastahili karatasi. Lakini nimejaribu mara kadhaa kuandika jinsi nilivyooa, na kila nikianza na kanisa au na mahari najikuta nimerudi kwenye kucha. Basi safari hii naanza nazo kabisa, tuone zitanifikisha wapi.

Gitaa nilifundishwa na mtu wa Burundi. Alivuka mpaka pale Manyovu pamoja na wengi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, akakaa kwanza Munanila, kisha watu wa kanisa wakamleta kwetu Makere akapewa kipande cha kulima jirani na chetu. Alikuja na gitaa kavu mgongoni na sufuria moja mkononi. Watu walisema mtu anayekimbia kifo akabeba gitaa hana akili timamu. Yeye alijibu kwamba sufuria aliiokota njiani.

Kwa miezi ya mwanzo hakunifundisha wimbo wowote. Alinifundisha kucha.

"Nyama ya kidole inanong'ona," alisema. "Ukucha unasema. Wewe unataka watu wa gulioni wakusikie, au unataka kuwanong'oneza?"

Kipimo chake kilikuwa hiki. Unainua mkono mbele ya macho, kiganja kikikutazama. Ukiona ukingo wa ukucha umechungulia juu ya nyama kama mwezi mwandamo, inatosha. Ukiona zaidi ya hapo, wewe si mpiga gitaa, ni mwewe. Kuzikata kwa wembe alikataza, kwa sababu wembe huacha ufa mdogo usioonekana, na ufa huo utakuja kuukuta katikati ya wimbo, watu wamekwisha kuinuka kucheza. Ukucha unasuguliwa kwa jani la msasa, lile ambalo mafundi hulainishia mipini ya majembe. Unasugua ukielekea upande mmoja tu, wala hurudi nyuma kama mtu mwenye msumeno. "Buhoro, buhoro," alikuwa akisema, yaani polepole, na mimi nilikuwa na haraka. Ukimaliza unapaka mawese kidogo ili ukucha usikauke na kupasuka. Za mkono wa kushoto, unaobana nyuzi, unazikata mpaka nyamani.

Si kazi rahisi kwa mtu wa jembe. Nyuzi zetu nyingine tulizipata kwa kufumua waya wa breki ya baiskeli, na waya ule ulikuwa unatafuna kucha kama mbuzi anavyotafuna majani. Nje ya gitaa nako kulikuwa na maadui. Kuna kung'oa maharage, kumenya mihogo, kupukuchua mahindi. Nilijifunza kupukuchua kwa mkono wa kushoto. Nikienda kupalilia nilifunga vidole vitatu kwa utepe wa mgomba mkavu. Tulipohamia kijiji kipya kando ya barabara na kuanza kulima shamba la pamoja, kiongozi wetu mmoja aliuliza mbele ya watu kama nimejeruhiwa.

"Hapana, ndugu kiongozi. Nimevihifadhi."

"Unavihifadhia nini? Mbegu?"

Watu wakacheka mpaka majembe yakasimama. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningeuliza hivyohivyo. Na niseme pia kwamba mstari wangu wa maharage ulikuwa nyuma ya mistari ya wengine, ingawa sina hakika kama ni kwa sababu ya vidole au kwa sababu sikuwahi kuwa mkulima hodari.

Binti niliyemwoa alikuja Makere kukaa na shangazi yake aliyekuwa amejifungua. Kwao ni upande wa Kibondo. Nilikuwa nikipiga gitaa gulioni siku za soko, nimekaa juu ya kreti karibu na wauza chumvi, na yeye alisimama pembeni akiwa na kikapu cha dagaa. Wengine walitazama uso wangu au miguu ya wachezaji. Yeye alitazama vidole. Wimbo ulipokwisha akasema, "Kaka, hizo kucha unachimbia nini?"

"Hazichimbi. Zinaimba."

"Mimi naona zimeiva. Lini unavuna?"

Nilipata jibu zuri sana njiani nikirudi nyumbani, na wiki iliyofuata nilipomwambia akasema limechacha. Hivyo ndivyo tulivyoanza. Aliporudi kwao nilijua ninataka kumposa, naye alikwisha kuniambia kwamba nisipokuja hatakaa akiningoja kama jiwe la mtoni. Alisema pia kwamba baba yake hataki maneno mengi, na kwamba nikishampata baba yake nimempata yeye.

Mshenga wangu alikuwa baba yangu mdogo, ambaye anaweza kuongea na mti mpaka ukakubali. Mama alishona kola ya shati langu. Pombe ya ndizi ilipikwa vizuri, kibuyu kikaoshwa, mrija mpya ukatafutwa. Mimi asubuhi ile ya safari nilizisugua kucha zangu na kuzipaka mawese mengi kuliko siku zote, ziwe safi, zing'ae. Gitaa niliacha, kwa sababu baba mdogo alisema hatuendi ngomani. Tukapanda lori la mizigo kwenda Kibondo.

Hapa lazima nieleze desturi, maana bila hiyo mzee yule ataonekana mtu mbaya, na hakuwa mtu mbaya. Kwetu Buha pombe haitolewi tu na kunywewa. Anayeileta huonja kwanza, watu wakimwona, ili ijulikane ni safi. Lakini kila mtoto wa huku, kabla hajajua kuhesabu, hujua kwamba mwenye sumu huificha chini ya ukucha wa gumba. Anaonja vizuri kabisa mbele yako. Halafu anapokukabidhi kibuyu, gumba lake linalowa kidogo tu kwenye mdomo wa kibuyu, na basi. Ndiyo maana anayegawa pombe hukata kucha.

Sisi tulilijua hilo kama wanavyolijua wote. Ila Makere walikwisha kuzizoea kucha zangu, waliziita za gitaa, na mama na baba mdogo walikuwa wakiziona kila siku mpaka wakaacha kuziona. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba Kibondo hawalijui hilo gitaa.

Mzee alitupokea uani, kwenye viti, na ndugu zake wawili. Salamu zilikuwa ndefu na nzuri. Baba mdogo alisema aliyotakiwa kusema. Wakati ulipofika nikapiga goti, nikaonja kwa mrija, nikashika kibuyu kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa kwenye kiwiko kama heshima inavyotaka. Mzee akanyoosha mikono yake kupokea. Ndipo macho yake yakashuka kwenye gumba langu, ambalo lilikuwa liking'aa kwa mawese, juu kabisa ya mdomo wa kibuyu.

Alirudisha mikono yake taratibu, akaiweka magotini.

"Weka chini, kijana."

Nikaweka chini.

"Hizo kucha ni za kazi gani?"

"Za gitaa, mzee."

"Gitaa liko wapi?"

"Nimeliacha Makere."

"Basi leo nimeona kucha tu."

Baba mdogo akaingilia. "Mzee mwenzangu, kijana huyu tunamfahamu, ni mtu wa kanisani."

"Hata ndugu yangu marehemu alikuwa wa kanisani," mzee alisema. "Na aliyempa pombe walikuwa wakikaa benchi moja."

Baba mdogo akakivuta kibuyu karibu na kiti chake.

Hakutufukuza. Hili naliandika kwa sababu wengine wamelisimulia vibaya. Tulipewa ugali na kuku, tukapewa maji ya kunawa, na mzee mwenyewe alitusindikiza mpaka barabarani. Hapo akamwambia mshenga wangu, mimi nikisikia, "Sijamkataa. Lakini mkono ule hauninyweshi." Kibuyu tulirudi nacho kimejaa. Binti sikumwona, ila nilisikia jikoni kifuniko cha chungu kikiwekwa kwa nguvu mno.

Kwenye lori, tulipokaribia kushuka, baba mdogo akalipuka.

"Na mawese juu! Umezipaka mawese! Zinang'aa kama za jini!"

"Baba, nilitaka ziwe safi."

"Safi! Hata mimi, nisingekuwa baba yako, ningekukimbia."

Nilikwenda kwa yule mwalimu wangu wa Burundi nikidhani atakasirika na kuniambia nitafute mchumba mwingine mwenye baba asiyeogopa. Kwangu mimi kukata kucha zile kulikuwa sawa na kuuza gitaa. Ukucha wa gumba ukikatwa hadi nyamani unachukua muda mrefu kurudi, na katikati ya muda huo unakuwa mtu wa kunong'ona. Alikuwa akichambua maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakuinua kichwa.

"Ukucha unaota," alisema. "Mke haoti. Kata."

"Na nikipiga vibaya?"

"Utapiga vibaya. Kwani sasa unapiga vizuri sana?"

Akaingia ndani akatoka na gitaa lake, kwa sababu lile la kuazima nililokuwa nikipigia gulioni lilikuwa limepasuka shingo wiki ile, akanipa. "Hili uende nalo. Mzee wako anataka kuona gitaa."

Nilizikata kwa wembe, palepale kwetu uani. Sikuwa na haja ya kuogopa ufa tena. Vipande vitatu vikaanguka juu ya jani la mgomba, mama akavikusanya akaenda kuvitupa chooni, kwa kuwa navyo haviachwi ovyo, mtu asije akaviokota. Alipita mbele yangu amevishika kwa heshima kama anakwenda kuzika. Nilicheka, halafu nikaona sichekeshwi.

Tulirudi Kibondo mvua za vuli zikiwa zimeanza. Nikapiga goti, nikaonja, nikatoa kibuyu. Mzee aliutazama mkono wangu muda wote ule mtu anaoutumia kusoma barua fupi. Kisha akapokea, akanywa, akampa ndugu yake. Nilimsikia baba mdogo akishusha pumzi kama gurudumu la baiskeli. Kwa desturi mambo yalikuwa yamekwisha. Ningeweza kwenda nyumbani.

"Sasa," mzee akasema, "mara ile mlisema gitaa. Tusikie."

Nikapiga. Nilichagua wimbo ninaoujua kuliko zote, ule wa gulioni. Ulitoka kama mtu anayeongea na tonge mdomoni. Nyama za vidole zangu zilikuwa laini, hazijazoea waya, kila uzi ulitoa sauti ya kamba ya kuanikia nguo. Nisizisingizie kucha kwa kila kitu, nilianza kwa haraka mno pia, na huenda hata kwa kucha ndefu ningeuharibu. Ndugu za mzee walitazama chini kwa adabu.

"Ndiyo hiyo?" mzee akauliza. Hakuuliza kwa kejeli. Alikuwa anataka kuelewa.

Kabla sijajibu, binti yake akatokea mlango wa jikoni, mikono imejaa unga. Hapakuwa mahali pake kusema, na kila mtu alilijua hilo, yeye zaidi.

"Baba, sivyo anavyopiga. Huko Makere akipiga hata wauza chumvi wanaacha kupima. Ni kucha, baba. Umemkata sauti."

Shangazi mmoja alisema "Yuu!" kutoka ndani. Mzee hakumgombeza binti yake. Aliniita karibu, akashika mkono wangu wa kulia, akalibonyeza gumba langu mahali ukucha ulipokuwa, kama mtu anayejaribu embe.

"Ulizikata kwa ajili ya pombe yangu?"

"Ndiyo, mzee."

"Na ulijua utapiga hivi?"

"Nilijua."

Ndipo akatusimulia habari za ndugu yake. Alikunywa jioni kwa jirani, akarudi akiwa mzima, na asubuhi hakuamka. Sijui alikufa kwa nini. Inawezekana ni tumbo, inawezekana ni moyo, watu hufa hivyo hata wasipokunywa. Hakuna aliyepima. Lakini aliyemfunika shuka alikuwa mzee yule, sikuwa mimi, na sioni kama nina haki ya kumfundisha aogope nini.

"Sikusema wewe ni mbaya," aliniambia. "Nilisema sikujui. Mtu nisiyemjua nitamsoma kwa nini kama si kwa mkono wake?"

Kisha akatoa hukumu, ambayo ndugu zake waliiafiki kwa vichwa. "Zifuge. Sitaki mkwe wa kunong'ona. Ila pombe ya nyumba hii utaletewa, wewe hutaileta. Binti atanipa."

Ndivyo nilivyooa. Kucha zilirudi polepole, wa gumba mwisho wa zote. Katika nyumba yangu mwenyewe mke wangu ndiye aliyechukua kazi ya jani la msasa. Alikuwa akikaa kizingitini jioni, mkono wangu juu ya goti lake, akisugua kuelekea upande mmoja, akinitukana kwa upole. "Wanawake wenzangu wanapakwa hina, mimi nimeolewa nipake." Kumenya mihogo kulimwangukia yeye peke yake, jambo ambalo halikuwa haki, kwa hiyo mimi nilichota maji. Wanaume walinicheka kisimani. Mwalimu wangu wa Burundi alinitetea kwa kusema kwamba ndoo hushikwa kwa kiganja, haigusi kucha, basi nina akili kuliko wao. Sijui kama huo ulikuwa utetezi.

Na kila tulipokwenda Kibondo hukumu ilifuatwa. Mke wangu alimpelekea baba yake kibuyu, mimi nimekaa na mikono magotini kama mtoto aliyeadhibiwa. Baada ya pombe mzee alisema, "Haya, sasa zilete hizo kucha," nami nilipiga mpaka vidole vikachoka. Alipenda wimbo uleule wa gulioni. Hakuwahi kusema ni mzuri. Alikuwa akipiga goti lake kwa kidole kimoja, nje kidogo ya mapigo. Lakini kibuyu hakikupita mkononi mwangu, na mimi sikuomba. Miaka ilipita hivyo, watoto wawili wakazaliwa. Nilijiambia nimezoea. Nikiandika leo naona sikuwa nimezoea. Kila mara kibuyu kilipopita mbele yangu kwenda kwake nilikitazama.

Mwishoni mwa miaka ile ya sabini mzee aliugua miguu, ikavimba, akaletwa kwetu ili awe karibu na hospitali ya Kasulu na karibu na binti yake. Macho nayo yalikuwa yameanza ukungu. Mganga alisema apunguze pombe. Mke wangu alielewa kwamba ameambiwa aache, au aliamua kuelewa hivyo, na ndani ya nyumba hapakuonekana hata mrija.

Alasiri moja mke wangu alikuwa shambani. Mzee alikuwa kwenye kiti chake kivulini, nami nilimpelekea uji kwenye kikombe cha bati. Hilo lilikuwa halikatazwi, uji si pombe. Alipokea kikombe pamoja na mkono wangu. Kidole chake kikapita juu ya ukucha wa gumba langu, kikasimama hapo kidogo. Ulikuwa mrefu, umesuguliwa jana yake. Akaonja.

"Uji," alisema. "Mkwe mzima unaniletea uji."

"Mganga alisema, baba."

"Alisema nipunguze. Nimepunguza. Jirani yako wa chini amepika, nimesikia harufu tangu asubuhi. Nenda kaniletee. Wewe."

Nimeligeuza neno hilo "wewe" mara nyingi sana. Inawezekana hukumu ilikuwa imefutwa pale chini ya kivuli. Inawezekana pia kwamba alinichagua mimi kwa sababu binti yake alikwisha kumnyima na mimi ndiye mtu laini wa nyumba ile. Mke wangu anashikilia hilo la pili, na yeye alimjua baba yake kuliko mimi. Labda alisahau. Labda ukungu wa macho. Ingawa kidole hakina ukungu.

Nilikwenda kwa jirani nikarudi na kibuyu kidogo, nusu tu, maana mganga ni mganga. Nikapiga goti mbele ya kiti. Nikashika kwa mkono wa kulia, wa kushoto kwenye kiwiko, gumba likiwa pale linapokaa siku zote. Nikainamisha kichwa kwenye mrija ili nionje kwanza, kama inavyotakiwa.

"Acha," mzee akasema, mikono yake tayari imenyooshwa. "Ni kidogo. Utaimaliza."